Mkwaruzo wa Baiskeli: Kutengeneza Rangi Nyumbani Bila Kuficha Ubovu

Mgeni anayefika Ifakara kwa mara ya kwanza huona baiskeli kabla hajaona kitu kingine. Bonde la Kilombero ni tambarare, na tambarare ni rafiki wa baiskeli. Mpunga hutoka shambani kwa baiskeli, mkaa huingia mjini kwa baiskeli, samaki wa mtoni hufika sokoni kwa baiskeli, na mgonjwa wa Idete au Mbingu amewahi kufikishwa zahanati akiwa amekaa juu ya keria, ameshikiliwa na ndugu yake anayekimbia pembeni. Ni kweli bodaboda zimeongezeka sana. Hata hivyo, kwa kaya nyingi tunazozitembelea, baiskeli bado ni mali kubwa inayofuata baada ya nyumba na shamba.

Katika somo hili tutajifunza jambo linaloonekana dogo: namna ya kutengeneza rangi ya baiskeli iliyokwaruzika, nyumbani, kwa vifaa vya duka la kawaida. Hatuzungumzii kupaka baiskeli nzima upya. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye pampu ya kupulizia. Tunazungumzia ule mkwaruzo wa kuegesha ukutani, wa kufunga mzigo kwa kamba ya mpira, au wa kugongana kwenye foleni ya mashine ya kukoboa. Wakati tukivuka Mto Kilombero kwa kivuko, kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa mwaka 2018, baiskeli zililaliana kama kuni, na kila safari ilizidisha mikwaruzo. Daraja lile lenye urefu wa mita 384 limeondoa adha hiyo, lakini sababu nyingine zimebaki palepale.

Tumeamua kuandika kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua baiskeli tatu zilizotumika kwa ajili ya wahudumu wa kujitolea wa vijijini. Mbili zilikuwa zimechakaa rangi, na tulibishana sana juu ya bei zake. Ya tatu ilikuwa nyeusi, inang'aa, hadi tukaulizana kama kweli imewahi kutumika. Hatukuikagua. Haikupita miezi miwili, shingo ya baiskeli hiyo ikakatika njiani, mhudumu wetu akaanguka na kuvunjika mtulinga. Alipona, tunashukuru, lakini alikosa msimu mzima wa kupalilia. Tulipochunguza mahali palipokatika tulikuta pati, ile ya kuzibia bodi za magari, imejazwa ndani ya ufa, ikapigwa msasa vizuri na kufunikwa kwa rangi. Baiskeli mbili zilizochakaa rangi ziliendelea na kazi kwa miaka mingi baadaye.

Rangi ina kazi gani?

Chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja hufanya kutu. Rangi ni koti linalozuia viwili hivyo visikifikie. Koti likitoboka, hata tundu dogo, kutu huanzia hapo na kutambaa chini ya rangi iliyo nzima. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huinua rangi kutoka chini kama mzizi wa mwembe unavyoinua sakafu ya saruji. Ndiyo maana unaona kipele kwenye fremu, unakibonyeza kwa ukucha, rangi inabanduka na chini yake kuna unga mwekundu.

Katika bonde letu kutu ina marafiki wengi. Hewa ni ya unyevu sehemu kubwa ya mwaka. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mbugani hung'ang'ania ndani ya madgadi na kukaa na maji kwa siku kadhaa. Jasho la mikono na maji ya samaki yana chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Mkwaruzo ambao Dodoma ungekaa mwaka mzima bila madhara makubwa, Ifakara unaweza kutoa kutu katika siku chache.

Ni vema pia kufahamu kwamba rangi ya kiwandani na rangi yetu ya dukani hazilingani. Kiwandani fremu husafishwa kwa dawa, hupakwa, kisha huokwa ndani ya tanuri mpaka rangi ikawa ngumu. Baiskeli nyeusi za zamani za Raleigh, zilizotoka Nottingham huko Uingereza, zilipata sifa zao kwa njia hiyo, na wazee wengi wa hapa watakuambia rangi yake ilidumu kuliko mwenyewe. Rangi ya mafuta tunayopaka kwa brashi haiokwi. Hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, taratibu. Haitakuwa ngumu kama ile. Tusitegemee muujiza, ila tuwe na subira katika kukausha.

Kwanza lisome jeraha

Kabla ya kushika brashi, osha baiskeli yote kwa maji na sabuni ya unga, iache ikauke, kisha iweke juani uitazame polepole. Pitisha ukucha juu ya kila mkwaruzo. Ukucha usipokwama, rangi ya juu tu ndiyo imeguswa na chuma hakijafikiwa. Hapo hakuna haraka. Ukikwama na ukaona chuma kinang'aa au kimeanza wekundu, hilo ndilo jeraha la kutibu wiki hii.

Jeraha la tatu si mkwaruzo, ni ufa. Mkwaruzo huwa na mwelekeo wa kitu kilichoukwaruza, mara nyingi ni mpana na mwanzo na mwisho wake vinaonekana. Ufa ni mwembamba kama unywele, huzunguka bomba au hufuata ukingo wa kiungio, na mara nyingi hutoa doa la kutu kama chozi. Tazama sana nyuma ya shingo, hasa upande wa chini ambako bomba la kuteremka linaungana nayo. Tazama pia kichwa cha uma wa mbele, sehemu ya pedeli, na mahali mabomba yanapokutana chini ya kiti. Ukiona rangi imejikunja mikunjo midogo kwenye bomba nyuma ya shingo, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele na bomba limejipinda, hata kama mwenyewe anasema haijawahi.

Kama una shaka, ipo njia ya zamani ambayo mafundi wa reli katika nchi mbalimbali waliitumia kukagua ekseli za mabehewa. Ondoa rangi mahali unapopashuku mpaka chuma kionekane, ukifuata tahadhari za vumbi tutakazozieleza hapa chini. Paka mafuta ya taa na uyaache nusu saa yapenye. Futa kwa kitambaa mpaka pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatarudi nje na kulowesha chaki, nawe utaona mstari. Njia hii haigundui kila ufa, hivyo kutoona mstari si hati ya usalama. Lakini ukiuona, kazi ya rangi imeishia hapo. Baiskeli hiyo iende kwa fundi wa kuchomelea, au fremu ibadilishwe. Kama imebebeshwa gunia la mpunga kila siku, sisi tungeibadilisha.

Vifaa na kazi yenyewe

Utahitaji msasa wa maji wa namba 240, 400 na 600, brashi ndogo ya waya kama kutu imekolea, thina kidogo, vitambaa safi, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na kopo dogo kabisa la rangi ya mafuta ya rangi ya baiskeli yako. Kikundi cha watu watano au sita wakichangia makopo hayo, gharama huwa ndogo kwa kila mmoja, kwa sababu mkwaruzo hautumii hata kijiko kimoja cha chai. Usinunue rangi ya maji ya ukutani. Haifai kwa chuma cha nje.

Kuipata rangi inayofanana ni ugumu wa kwanza. Nyeusi ni rahisi. Kijani na bluu za Phoenix au Hero zilizopigwa jua miaka mitano hazifanani tena na zilivyotoka kiwandani, wala na kopo lolote la dukani. Usiamini kifuniko cha kopo, na usiamini rangi ikiwa mbichi, kwani ikikauka hubadilika. Weka tone moja mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kiti, ulitazame kesho yake. Ikikosana kidogo, ikubali hivyo. Kiraka kinacholinda chuma na kuonekana ni bora kuliko mkwaruzo uliofichwa vizuri.

Anza asubuhi, umande ukishakauka, na umalize kupaka kabla ya saa nane mchana. Kazi ifanyike kivulini penye upepo mdogo. Jua kali hukausha ngozi ya juu ya rangi huku ya chini ikiwa mbichi, na matokeo yake ni mapovu na mikunjo. Ukipaka jioni, unyevu wa usiku hutua juu ya rangi mbichi na kuifanya ifubae kama kioo chenye ukungu. Mwezi wa Aprili kuna siku ambazo inafaa kuahirisha tu.

Lowesha msasa wa 240 na usugue jeraha mpaka kutu yote iondoke na chuma kiwe cheupe. Vile vishimo vidogo vyeusi vya kutu ndivyo vinavyowashinda wengi. Wanachoka, wanapaka juu yake, na baada ya masika kipele kinarudi palepale. Chimba kwa ncha ya msasa uliokunjwa. Kisha kwa msasa wa 400 lainisha kingo za rangi ya zamani inayozunguka jeraha, mpaka ukipitisha kidole usihisi ngazi kati ya chuma na rangi. Ngazi ikibaki, itaonekana hata baada ya kupaka mara tatu.

Futa maji, kausha, kisha pangusa kwa kitambaa chenye thina ili kuondoa mafuta. Kuanzia hapo usiguse kwa kidole, maana jasho la kidole linatosha kuharibu. Thina na petroli vikae mbali na jiko na sigara. Hilo halihitaji maelezo.

Rangi ya kuzuia kutu ipakwe saa ileile. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja katika hewa ya Ifakara, asubuhi utaanza kusugua upya. Paka nyembamba, iache ikauke kama kopo linavyoelekeza, kisha paka tena nyembamba. Siku inayofuata paka rangi yenyewe. Kwa mkwaruzo mwembamba brashi ni kubwa mno. Tumia njiti ya kiberiti iliyopondwa ncha, au shina la unyoya wa kuku. Dondosha rangi ndani ya mkwaruzo bila kuitandaza nje, iache siku nzima, kisha rudia mpaka ilingane na rangi ya jirani au izidi kidogo sana. Tumewaona vijana wanaojaza tone moja nene ili wamalize leo. Tone hilo hukauka ngozi tu, na baada ya wiki ukilibonyeza linabonyea kama uji.

Baada ya wiki moja, rangi ikiwa ngumu, unaweza kusugua kwa msasa wa 600 uliolowa, taratibu, mpaka kilima kilingane. Mng'ao hurudishwa kwa kitambaa laini chenye dawa ya meno nyeupe. Ina chembe laini sana zinazofanya kazi ya msasa wa mwisho. Akina dada wa kikundi kimoja walitufundisha pia kutumia rangi ya kucha kwa mikwaruzo midogo ambayo haijafika kwenye chuma. Inafaa, kopo lake lina brashi tayari, na nyekundu zake ni nyingi kuliko za duka la vifaa. Ila thina huiyeyusha mara moja, na haitoshi kulinda chuma kitupu.

Kuna mahali pasipopakwa rangi kamwe. Sehemu ya rimu inayoguswa na raba za breki ibaki tupu, vinginevyo breki hazitashika. Rimu na usukani unaong'aa kwa kromu husuguliwa kwa karatasi laini ya alumini iliyoloweshwa maji. Kutu nyepesi hutoka bila rangi yoyote. Na kama baiskeli yako ni mtumba kutoka ng'ambo, weka sumaku kwenye fremu. Isiposhika, huenda ni alumini, ambayo haifanyi kutu nyekundu na inahitaji rangi ya awali ya aina yake. Mwulize muuzaji kwanza.

Vumbi la rangi na watoto

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa sauti kwenye vikundi. Rangi nyingi za zamani, na baadhi ya zinazouzwa hata leo katika nchi mbalimbali, zina madini ya risasi. Yaliongezwa ili rangi ikolee, ikauke haraka na izuie kutu. Rangi nyekundu, ya njano na ya machungwa ndizo zinazoshukiwa zaidi, pamoja na zile rangi nyekundu za zamani za kuzuia kutu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo huathirika zaidi, kwa sababu miili yao hufyonza risasi kwa wingi kuliko ya watu wazima na ubongo wao bado unakua. Mtoto hupoteza uwezo wa kujifunza, na hasara hiyo hairudi. Wasomaji wetu watakumbuka petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006 baada ya makubaliano ya Dakar ya mwaka 2001. Kwa upande wa rangi, Umoja wa Mataifa unazihimiza nchi kuweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi, na tangu 2013 kila mwezi Oktoba kuna wiki ya kimataifa ya kuelimisha juu ya jambo hili.

Huwezi kujua kwa macho kama fremu ya baba yako ina risasi. Hivyo basi, ichukulie kama inayo. Ndiyo sababu tumesisitiza msasa wa maji, kwani rangi iliyosuguliwa ikiwa imelowa haitoi vumbi la kuvuta. Usisugue kavu, usichome rangi ya zamani kwa moto, na usifanye kazi hiyo jikoni au pale watoto wanapochezea. Tandika mfuko wa plastiki au gazeti chini, kusanya matope yote ya rangi, yafunge na kuyatupa mbali na bustani na kisima. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Unaponunua kopo jipya, soma maandishi yake. Chagua lililoandikwa kwamba halina risasi.

Namba ya fremu

Kila fremu ya kiwandani huwa na namba iliyogongwa, mara nyingi chini ya sehemu ya pedeli au karibu na kiti. Usiifunike kwa rangi nene wala kuisugua kwa msasa. Baiskeli iliyobadilishwa rangi na isiyo na namba hutiliwa shaka, na mwenye mali halali hujikuta akijieleza kituoni. Iandike namba hiyo kwenye daftari la nyumbani pamoja na risiti. Kama unabadilisha rangi kabisa, mjulishe mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa kabla ya kuanza.

Nasi siku hizi, tukienda kununua baiskeli ya mtumba, tunachukua chupa ndogo ya mafuta ya taa, kipande cha chaki na kipande cha msasa. Wauzaji wengine hutucheka. Mmoja alipoona tunatoa chaki alikumbuka kwamba baiskeli ile alikuwa ameshamwahidi shemeji yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Leteni baiskeli zenu zote siku ya mkutano. Ni ngapi zina mkwaruzo uliofika kwenye chuma, na masika yameanza au yako umbali gani? Je, kuna iliyopakwa rangi upya kabla mwenyewe hajainunua, na aliwahi kutazama nyuma ya shingo yake? Katika nyumba zenu, kazi ya msasa hufanyika wapi, na watoto huwa wapi wakati huo? Nani katika kikundi anaweza kutunza makopo ya rangi, na kwa utaratibu gani asiye na fedha mwezi huu naye atapata tone lake?